Bahati, ujuzi na mkosi: Hesabu inayomaliza mifuko ya wacheza kamari

JUMAMOSI jioni, mechi za Ligi Kuu ya Uingereza zinapokaribia kumalizika, kilio kimoja husikika katika maskani za Mombasa bara.

Kuanzia kwa wahudumu wa bodaboda wanaosubiri abiria karibu na kivuko cha Likoni, hadi kwa vijana wa Kisauni na utingo wa malori ya mizigo kule Changamwe, macho huwa kwenye simu na malalamiko huwa yale yale: mechi moja tu ndiyo iliyouchana mkeka.

Siku inayofuata huzuka mjadala. Aliyepoteza mara tano mfululizo hudai kwamba mkosi umemzidi, kwa hivyo ni lazima sasa bahati imgeukie. Aliyeshinda mara mbili hujigamba kwamba ameshaujua mchezo.

Wote wawili wamekosea, na kosa lao ndilo linalomeza kodi ya nyumba, karo ya watoto na wakati mwingine pikipiki yenyewe.

Ili kufahamu kosa hilo ni vyema kuanzia barazani, mahali ambapo wazee wa Pwani wamekuwa wakipambanua bahati na ujuzi tangu jadi.

Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na kete zote huwa wazi machoni pa wachezaji. Anayefungwa hawezi kumlaumu yeyote, kwani amezidiwa maarifa. Dado, kwa upande mwingine, haina fundi. Mtoto wa miaka mitano ana nafasi sawa na mzee wa miaka sabini ya kupata sita.

Karata ziko katikati. Bahati ndiyo inayogawa, ilhali ujuzi ndio unaocheza.

Poka, mchezo wa karata unaochezwa sana ulimwenguni kupitia kwa intaneti, ni mfano mzuri wa mchanganyiko huo. Katika aina yake maarufu zaidi, kila mchezaji hupewa karata mbili za siri, kisha karata tano huwekwa mezani kwa matumizi ya wote. Mchezaji huamua aongeze dau, alingane na mwenzake au ajiondoe.

Mwenye jozi ya A akipambana na mwenye jozi ya K hadi karata ya mwisho, hushinda takriban mara 82 kwa kila 100. Kwa maneno mengine, hata anapofanya kila kitu sawasawa, atapoteza karibu mara 18. Hajakosea wala hajarogwa. Ndivyo mchezo ulivyo.

Ndiyo maana katika poka ujuzi huchukua muda mrefu kujitokeza. Mnamo Januari 2017, programu ya kompyuta iitwayo Libratus, iliyoundwa katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, ilishindanishwa na wachezaji wanne wa kulipwa. Ilibidi zichezwe raundi 120,000 kwa siku 20 ili iweze kudhihirika kwamba ushindi wa mashine hiyo haukutokana na bahati.

Iwapo wataalamu walihitaji raundi 120,000, anayejiita bingwa baada ya mikeka miwili hana ushahidi wowote mkononi.

Hata hivyo, kuna tofauti kubwa kati ya poka na kamari inayochezwa zaidi katika mitaa ya Mombasa. Katika poka, wachezaji hushindania fedha zao wenyewe, na mwenye meza hukata sehemu ndogo tu. Anayewazidi wenzake maarifa, tena kwa kiasi kinachopita makato hayo, anaweza kutoka na faida baada ya muda mrefu.

Katika ubashiri wa kandanda, mpinzani ni kampuni yenyewe, nayo ndiyo inayopanga bei.

Chukua mfano wa dau lenye pande mbili zilizo sawa, kama sarafu inayorushwa juu. Malipo ya haki kwa Sh100 yangekuwa Sh200. Kampuni huenda ikaahidi Sh185. Mtu akiweka Sh100 kila upande, atakuwa ametoa Sh200 na kurudishiwa Sh185, matokeo yawe yawayo. Zile Sh15 zimebaki kwa kampuni hata kabla ya mpira kuanza.

Mkeka wa mechi nyingi huzidisha makato hayo. Mechi tano za namna hiyo zikiunganishwa, Sh100 huahidi Sh2,167, kiasi kinachovutia sana. Lakini nafasi ya kupatia zote tano ni moja kati ya 32, na malipo ya haki yangekuwa Sh3,200. Kwa wastani, anayejaribu mara 32 atatumia Sh3,200 na kuambulia hizo Sh2,167. Karibu thuluthi moja ya fedha zake imekwenda.

Ujuzi wa soka haumwokoi kwa urahisi. Kujua kwamba timu fulani ni bora hakutoshi, kwa sababu kampuni nayo inajua, na imeshapunguza malipo ya timu hiyo. Ili apate faida, mchezaji anahitaji kuijua mechi kuliko walioipangia bei, mara kwa mara, na kwa kiasi kinachozidi makato.

Zawadi kuu za mechi 17 ndizo ngumu zaidi. Kila mechi ina matokeo matatu, hivyo basi kuna njia 129,140,163 za kujaza mkeka mmoja. Anayejua soka hupunguza ugumu huo, ila hauondoi. Mnamo Mei 2017, Mkenya mmoja alijishindia zaidi ya Sh221 milioni za SportPesa, na picha zake zikaenea kote nchini. Waliokosa hawakupigwa picha.

Kuna pia mchezo wa ndege, Aviator, uliozinduliwa mwaka 2019 na kampuni ya Spribe. Ndege hupaa huku malipo yakiongezeka, na mchezaji hutakiwa kutoa fedha zake kabla haijatoweka. Wengi huamini kwamba wameisoma tabia ya ndege hiyo.

Ukweli ni kwamba kikomo cha kila raundi huamuliwa na namba za kubahatisha kabla ndege haijapaa, na raundi iliyopita haina usemi wowote juu ya inayofuata. Kwa mujibu wa waundaji wake, mchezo huo hurudisha asilimia 97 ya madau kwa muda mrefu. Shilingi tatu zinazobaki katika kila 100 huonekana haba, lakini raundi humalizika kwa sekunde chache, na mwenye Sh500 anaweza kuzizungusha hizo hizo mara nyingi kwa usiku mmoja, kila mara zikikatwa.

Hapa ndipo suala la mkosi linapoingia.

Sarafu ikirushwa mara 100, nafasi ya upande mmoja uliochaguliwa kukosekana angalau mara tano mfululizo ni takriban asilimia 81. Kukosekana mara sita mfululizo pia kuna nafasi inayozidi nusu. Mfululizo wa hasara, basi, ni jambo la kawaida. La ajabu lingekuwa kuukosa.

Kosa la kudhani kwamba hasara nyingi hukaribisha ushindi lina historia ndefu. Usiku wa Agosti 18, 1913, katika jumba la kamari la Monte Carlo, gurudumu liliangukia rangi nyeusi mara 26 mfululizo. Wachezaji walizidi kuweka madau kwenye nyekundu wakiamini kwamba zamu yake imefika, wakapoteza fedha nyingi mno. Gurudumu halina kumbukumbu.

Imani hiyo ndiyo huzaa mbinu ya kuongeza dau maradufu baada ya kila hasara. Anayeanza na Sh50 akipoteza mara saba atakuwa ametoa Sh6,350, na dau la nane litahitaji Sh6,400 zaidi. Yote hayo ni ili apate faida ya Sh50 alizolenga mwanzoni.

Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza mwaka 1979 kwamba uchungu wa kupoteza huwa mzito kuliko furaha ya kupata kiasi kile kile. Aliye katika hasara huwa tayari kujitosa katika hatari kubwa ili tu arudi alipoanzia. Wacheza poka wa kulipwa huijua hali hiyo vyema. Wao hutenga fedha za mchezo mbali na za matumizi, na huondoka mezani hasira inapopanda.

Kijana wa Likoni au Magongo hana meza ya kuondoka. Meza imo mfukoni mwake. M-Pesa, iliyoanzishwa mwaka 2007, ilirahisisha malipo ya kila aina, yakiwemo madau, nayo huduma ya Fuliza iliyozinduliwa Januari 2019 humwezesha mtu kutumia fedha ambazo hana. Hasara ya leo huweza kuwa deni la kesho.

Serikali imejaribu kukaza kamba. Mnamo Julai 2019 ilikataa kuhuisha leseni za kampuni kadhaa za kamari, na mwaka 2025 ikapitishwa Sheria ya Udhibiti wa Kamari kuchukua nafasi ya ile ya 1966.

Sheria ya Fedha ya 2025 nayo iliweka ushuru wa asilimia tano kwa fedha zinazoingizwa katika akaunti ya kamari, na asilimia tano nyingine kwa zinazotolewa. Maana yake ni kwamba anayeingiza Sh100 na kuzitoa bila kucheza hubaki na takriban Sh90. Gharama hiyo huongezwa juu ya makato ya mchezo wenyewe.

Misikitini na makanisani, kamari hukemewa kwa misingi ya dini. Hesabu hufikia onyo lile lile kwa njia nyingine.

Anayetaka kujua hali yake halisi hahitaji mganga wala mtabiri. Taarifa ya M-Pesa ya miezi sita inatosha. Ajumlishe fedha zote zilizokwenda kwa kampuni za kamari, kisha zile zilizorudi, na aziweke kando kwa kando. Kumbukumbu huhifadhi ushindi na kusahau vijidau vya Sh50, lakini taarifa hiyo haisahau hata shilingi.

Na iwapo tofauti ni kubwa, dau linalofuata haliwezi kuirudisha kwa sababu tu imekaa muda mrefu. Wahenga walisema bahati haina kwao. Haikumbuki iliwahi kulala kwa nani, wala haina deni kwa yeyote.