Mgeni wa Siku Mbili Haoni Kiangazi



Wengi tuliozaliwa Handeni na Korogwe tunafanya kazi Tanga, Arusha au Dar es Salaam. Ijumaa jioni tunapanda basi kwenda kusalimia wazee na marafiki, na Jumapili mchana tunageuza. Ni desturi njema na idumu. Hata hivyo, ziara hizi fupi zinaweza kutupa picha isiyo kamili ya hali ya maji nyumbani. Makala hii inaeleza sababu zake, na jinsi ya kuzitumia siku hizo mbili vizuri zaidi.

Majirani wawili, hali mbili

Korogwe inapitiwa na mto Pangani, ambao maji yake yanatoka milima ya Kilimanjaro na Meru, na hutiririka mwaka mzima. Handeni iko juu zaidi, na vijito vyake vingi hukauka mvua zikikatika. Ndiyo maana katika miaka ya 1970 ulianzishwa mradi wa HTM, wa kuchukua maji ya mto huo upande wa Korogwe na kuyasukuma kwa pampu hadi Handeni. Mwezi Juni 2022 Serikali ilisaini mikataba ya mradi wa maji wa miji 28, kwa mkopo kutoka India, na Handeni na Korogwe zimo. Lakini maji ya kupandishwa mlima hutegemea pampu na umeme, na vijiji vilivyo mbali na bomba bado hutegemea malambo na visima.

Kalenda ya wageni

Tunakwenda nyumbani lini? Mara nyingi ni Krismasi na Pasaka. Krismasi huja mwishoni mwa vuli, na Pasaka huangukia wakati wa masika. Kwa hiyo mgeni hukuta lambo lina maji na mahindi ni ya kijani. Mgeni wa Februari au Septemba angekuta foleni ya madumu kisimani kabla ya alfajiri. Wafadhili nao huletwa wakati barabara ni nzuri na wenyeji wamejiandaa.

Sababu ya pili ni heshima. Mama hatamwambia mwanawe aliyetoka mjini kwamba maji ya kuoga yamenunuliwa kwa kijana wa bodaboda. Atachinja kuku na kusema, "Tupo salama, mwanangu." Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi wa wikiendi huondoka kabla ya kupewa jembe, na kabla ya kuambiwa ukweli.

Tuhesabu pamoja

Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 iliweka kiwango cha lita 25 kwa mtu kwa siku, ndani ya mita 400 kutoka nyumbani. Familia ya mjini ya watu watano, kwa siku mbili na kwa kiwango hicho, hutumia lita 250, yaani madumu 12 na nusu ya lita 20. Tunabeba sukari, mchele na kitenge kama zawadi, lakini mzigo tunaouacha uko kichwani kwa dada zetu.

Zawadi inayodumu ni kukinga maji ya mvua. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Paa la mita za mraba 40, mvua ya milimita 50, ni lita 2,000. Tukitoa sehemu ya tano inayopotea, zinabaki 1,600. Tangi la lita 5,000 likitumiwa kwa kila kitu na watu sita huisha kwa takriban mwezi mmoja. Likitunzwa kwa kunywa na kupika tu, lita 5 kwa mtu kwa siku, linafika miezi mitano na zaidi. Kwa hiyo nidhamu ya kutumia ni muhimu sawa na tangi lenyewe.

Tunapendekeza

1. Angalau ziara moja kwa mwaka ifanyike kiangazi, na ziara za wafadhili vivyo hivyo.

2. Jumamosi asubuhi mgeni aende kisimani pamoja na wanaochota, ahesabu muda wa kwenda, kusubiri na kurudi.

3. Azungumze na chombo cha watumia maji cha kijiji: pampu imesimama mara ngapi, na fedha ya matengenezo ipo?

4. Ndugu walioko mjini wachangie tangi moja kwa nyumba ya wazee kabla ya vuli, na kamati ya usharika ianze na wajane na wazee wanaoishi peke yao.

Taarifa za kiangazi ziandikwe na kuletwa kwenye kikao cha kamati. Hizo ndizo zitakazotusaidia kupanga miradi kwa haki, kwa sababu mradi uliopangwa kwa macho ya Krismasi hukauka Februari.