Kabla ya Kuziba Ufa, Tuusome

Tarehe 10 Septemba 2016, saa 9:27 alasiri, tetemeko la ardhi lenye ukubwa wa 5.9 liliupiga mkoa wa Kagera. Serikali ilitangaza vifo vya watu 17, mamia wakajeruhiwa, na shule za sekondari za Ihungo na Nyakato zikaharibika hadi zikafungwa. Mimi ni mtoto wa Nyakisasa, wilayani Ngara. Sisi tuko mbali na Bukoba na Missenyi kulikoumia zaidi, lakini swali lililozunguka mkoa mzima lilikuwa moja: hivi jambo hili liliwahi kutokea huku zamani?

Swali hilo si dogo. Ardhi inaweza kutulia miaka mia tatu halafu ikaamka siku moja. Vifaa vya kupima mitetemo vilianza kuenea duniani mwishoni mwa karne ya 19 tu, na kumbukumbu za watu nazo zina mwisho wake. Tetemeko la Rukwa la Desemba 1910 ni miongoni mwa makubwa kabisa yaliyowahi kupimwa Afrika, lakini ni wangapi kati yetu tuliwahi kulisikia? Ndiyo maana kuna wataalamu wanaokwenda kuuliza magofu. Elimu yao tunaweza kuiita akiolojia ya matetemeko.

Wanatafuta nini? Kwanza, mwelekeo. Jengo lililochoka huanguka kipande leo, kipande mwakani, huku na huku. Nguzo kumi zikikutwa zimelala sambamba, zote zimeelekea upande mmoja, hapo kuna kitu kilizisukuma kwa pamoja. Pili, matao: ardhi ikitikisika, jiwe la katikati ya tao huachia na kushuka kidogo, kisha hubanwa hapo hapo. Tatu, ufa wenyewe. Ufa wa kawaida hufuata chokaa kati ya jiwe na jiwe, lakini ule uliopasua mawe yenyewe kwa mstari mmoja unahitaji nguvu kubwa. Nne, vilivyo chini ya kifusi. Sarafu ikikutwa chini ya ukuta ulioanguka, basi ukuta haukuanguka kabla sarafu ile haijatengenezwa.

Mfano unaonifurahisha ni ngome ya Vadum Iacob, kaskazini mwa bonde la Mto Yordani. Wapiganaji wa Msalaba walianza kuijenga mwaka 1178, na Agosti 1179 Salahuddin akaiteka. Kumbe walikuwa wameijenga juu ya mpasuko wa ardhi! Leo ukuta wake umekatika, na upande mmoja umesogea mita 2.1 kutoka kwa mwenzake. Ndani ya magofu hayo baadaye ulijengwa msikiti, nao umesogea nusu mita tu. Hesabu ni ya darasa la tatu: mita 1.6 zilitokea kabla ya msikiti, nusu mita baada yake. Watafiti wakalinganisha na maandishi ya kale, wakaiona mita 1.6 ni kazi ya tetemeko la mwaka 1202, na iliyobaki wakaihusisha na tetemeko la karne ya 18. Ukuta umekuwa rula.

Lakini si kila gofu limeangushwa na tetemeko. Kilwa Kisiwani, upanuzi mkubwa wa Msikiti Mkuu ulianguka karne ya 14, na ulijengwa upya karne ya 15. Tetemeko? Si lazima. Paa zito la mawe ya matumbawe likikalia nguzo dhaifu linaweza kushuka lenyewe. Mizizi, mawimbi, vita na watu wanaochukua mawe kwenda kujengea kwao, vyote hubomoa. Mtafiti mzuri huanza kwa kuviondoa hivyo kimoja kimoja.

Na wakati mwingine ushahidi haumo ukutani kabisa. Karibu na Pangani, watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walichimba kijiji cha miaka kama 1,000 iliyopita. Wakakuta tabaka la mchanga lenye mabaki ya viumbe wadogo wa baharini, na humo mifupa ya watu ambao hawakuzikwa. Utafiti huo uliotoka mwaka 2020 unaeleza kwamba ni tsunami, na huenda ilianzia kwenye tetemeko upande wa Sumatra, ng'ambo ya bahari.

Sasa turudi Kagera. Mababu zetu waliishi kwenye misonge ya miti na nyasi. Nyumba ya namna hiyo ikitikiswa hucheza, na ikifa huoza. Iliwaokoa wenyewe, lakini haikutuachia ukuta wa kusoma. Nyumba na shule zetu za matofali ndizo zenye kuweka kumbukumbu, na kwa bahati mbaya hizo hizo ndizo zinazoua. Kumbukumbu yenyewe hatuiachi ikae: fundi anakuja, anapiga lipu na rangi, habari imefutika.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na ni kweli, ufa uzibwe. Ila sisi tunaosomea ualimu tutakwenda mazoezi ya kufundisha kwenye shule zenye nyufa. Kabla fundi hajafika, wape wanafunzi rula na daftari. Wapime urefu na upana wa ufa, wachore unakoelekea, waandike tarehe na mwaka jengo lilipojengwa, wapige picha kama simu ipo. Kama ufa umepasua matofali yenyewe, mkuu wa shule aambiwe siku hiyo hiyo, na darasa lihamie chini ya mwembe hadi mhandisi alikague. Daftari libaki ofisini. Somo hilo lina jiografia, historia na hisabati ndani yake, na tetemeko lijalo litakuta shule inayojua kuta zake.