Je, Wajua? Minyoo, Mwani na Ubongo Wako

Je, wajua kwamba kinachokoleza mchuzi wa nyanya ndicho kinachokuwezesha kusoma mstari huu? Kinaitwa glutamati. Mjapani Kikunae Ikeda aliipata mwaka 1908 ndani ya mwani wa supu, nayo ndiyo mjumbe mkuu wa kuamsha seli za ubongo.

Na vipokezi vyake kichwani, unadhani vilichunguzwa kwa kutumia nini? Dawa ya minyoo! Wajapani waliwanywesha watoto maji ya mwani mwekundu, Digenea simplex, na mwaka 1953 wataalamu wakatoa humo asidi ya kainiki. Baadaye ikaonekana inavichochea vipokezi vya glutamati kupita kiasi, hata seli za ubongo wa panya zikafa. Leo kundi zima la vipokezi linaitwa kwa jina lake. (Wakulima wa mwani wa Micheweni, Pemba, msiniulize, wenu ni wa aina nyingine kabisa.)

Ngoja, asidi ya kainiki ina ndugu yake. Asidi ya domoiki nayo ilitoka kwenye mwani wa dawa ya minyoo. Mwaka 1987, huko Kanada, ilijificha ndani ya kome: watu zaidi ya 100 wakaugua, na baadhi yao wakawa wanakumbuka ya zamani lakini ya leo hayakai.

Wajua ketamini, ile sindano ya usingizi ya chumba cha upasuaji? Inaziba aina nyingine ya vipokezi vya glutamati, vya NMDA.

Sasa tuje kwetu Pemba. Vile vidonge vya matende vilivyoanza kugawiwa Zanzibar nzima mwaka 2001, unavikumbuka? Kimojawapo, ivermektini, hufungua milango ya glutamati kwenye neva za mnyoo, akapooza. Wewe milango ya aina hiyo huna hata mmoja!

Hili sasa ndilo nilipendalo zaidi. Kati ya 2018 na 2020 ivermektini ilichanganywa na dawa nyingine ya minyoo, albendazoli, kupambana na minyoo mjeledi. Hapa Pemba karibu nusu ya waliotibiwa walipona. Kwa albendazoli peke yake hawakufika hata mmoja kati ya kumi. Dawa hizo hizo zikapelekwa Côte d'Ivoire, tofauti ikawa ndogo mno. Kisa nini? Vipimo vya jeni vikaja kufichua kwamba mjeledi wa kule ni mnyoo mwingine kabisa!