Misuli ya tumbo ikionekana: ni afya au ni njaa?

Msomaji, iwapo umewahi kusafiri kwa basi kutoka Malindi kwenda Lamu, bila shaka umepita Garsen, mji mdogo wa Kaunti ya Tana River ulio karibu na njia panda ya kwenda Hola. Huko abiria wa kutoka mijini hupata nafasi ya kunyoosha miguu na kutazama watu. Utaona vijana wa Kipokomo wakibeba mikungu ya ndizi na magunia ya maembe, vifua wazi kwa sababu ya joto. Utaona wafugaji wa Kiorma, warefu na wakavu, waliotembea na ng'ombe wao tangu alfajiri. Matumbo yao ni bapa, na kwa wengine misuli ya tumbo imejipanga waziwazi kama matofali. Abiria mwenye kitambi huwatazama, akajishika kiuno na kujisemea kwamba hawa ndio wenye afya.

Huenda ni kweli. Huenda pia si kweli hata kidogo, na mtu hawezi kujua kwa kutazama tumbo peke yake.

Kwanza, tuelewe tunachokiona. Misuli hiyo kila mtu anayo, hata yule ambaye kitambi chake humzuia kufunga viatu. Inaanzia mbavuni hadi kwenye mfupa wa kinena, na imekatwa katikati na kano zinazoifanya ionekane kama vipande vipande. Idadi ya vipande hivyo mtu huzaliwa nayo. Wapo wenye vinne, wapo wenye sita, na wachache wana vinane. Mazoezi yanaweza kuvinenepesha lakini hayawezi kuongeza hata kimoja. Kinachovificha ni mafuta yaliyo chini ya ngozi. Kwa mwanamume, kwa kawaida vipande hivyo huanza kuonekana vizuri mafuta yakishuka hadi karibu asilimia 10 au 12 ya uzani wa mwili. Mwanamke huhitaji mafuta zaidi kwa maumbile yake, na kwake huonekana yakiwa chini ya asilimia 20 hivi.

Kinyume na wanavyodhani wengi, kulala chali na kuinuka mara 200 kila asubuhi hakuyeyushi mafuta ya tumbo. Zoezi hilo hukaza misuli, jambo ambalo ni jema kwa mgongo, lakini mwili ukihitaji mafuta ya kuchoma huyatoa popote unapotaka wenyewe, kwa kufuata urithi na homoni. Wengine hukonda uso kwanza, wengine makalio, na tumbo huwa la mwisho.

Jambo la pili ni kwamba mafuta ya tumbo ni ya aina mbili. Yapo yale ya chini ya ngozi, ambayo unaweza kuyafinya kwa vidole. Mengine yamejificha ndani, yakizunguka ini, kongosho na utumbo. Haya ya ndani ndiyo adui mkubwa. Hutoa kemikali na mafuta yanayoelekea ini, na kuufanya mwili uache kuitii insulini. Baada ya miaka kadhaa mtu hujikuta na kisukari, presha au ugonjwa wa moyo. Ndiyo maana yule bwana mwenye mikono na miguu myembamba, lakini kitambi kimechomoza kama aliyemeza tikiti maji, hapaswi kujifariji kwamba yeye si mnene. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu wanawake 4 katika kila 10 nchini Kenya, na wanaume chini ya 2 katika kila 10, walikuwa na uzani uliozidi kiasi.

Sasa turudi Garsen. Kwa nini wengi huko hawana kitambi? Jibu linalotujia haraka ni kazi. Mpokomo hulima kwa jembe kando ya mto, hupiga makasia, hubeba mavuno kichwani. Mworma hutembea kilomita nyingi kutafuta malisho na maji. Kazi kweli ni sehemu ya jibu, lakini sehemu nyingine ni chakula, na hapa kuna utafiti uliowashangaza hata wataalamu. Mwaka 2012, Herman Pontzer na wenzake walichapisha matokeo ya vipimo walivyowafanyia Wahadzabe wa Tanzania, watu wanaoishi kwa kuwinda na kuchimba mizizi karibu na Ziwa Eyasi. Wahadzabe hutembea sana kila siku. Hata hivyo, ukizingatia ukubwa wa miili yao, nguvu wanazotumia kwa siku zilikuwa karibu sawa na za watu wa Marekani na Ulaya wanaoketi ofisini. Inaonekana mwili hubana matumizi mahali pengine ili kufidia kazi. Kwa hiyo ukikimbia nusu saa kisha ukanywa soda mbili na chipsi, usishangae kiuno kisipopungua. Mazoezi yana faida kubwa kwa moyo, mishipa na akili, lakini kiuno kwa sehemu kubwa huamuliwa na sahani.

Sahani ya kijiji cha Tana ni ugali au wali, samaki wa mtoni, ndizi, mboga, na kwa wafugaji maziwa. Ya mjini sote twaijua. Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2020, uliwalinganisha Waturkana, ambao nao ni wafugaji kama Waorma, wakiwa katika mazingira mbalimbali. Waliohamia mijini walikuwa na mafuta zaidi mwilini na presha ya juu zaidi. Waliobaki mashambani, hata wale walioacha ufugaji, hawakutofautiana sana na wenzao wanaofuga. Na kadiri mtu alivyoishi mjini tangu utotoni, ndivyo hali yake ilivyokuwa mbaya zaidi. Damu ni ile ile ya Kiturkana. Kilichobadilika ni maisha.

Hadi hapa mtu angeweza kusema basi, tuwaige watu wa Garsen. Lakini kuna upande wa pili.

Kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022, mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo katika maeneo kame ya Kenya, Tana River ikiwemo. Ng'ombe walikufa, maziwa yakakauka. Kisha mvua za 2023 na 2024 zikaleta mafuriko yaliyosomba mashamba. Mtu aliyekuwa akila mara mbili kwa siku hubaki na mlo mmoja, na hapo mwili huanza kula akiba yake. Mafuta hutangulia. Kuna kipindi, kabla misuli yenyewe haijaanza kuliwa, ambapo tumbo la mwenye njaa huonekana kama la mwanariadha. Ukimpiga picha siku hiyo na kuipeleka Nairobi, wapo vijana watakaoitamani.

Kwa watoto mambo ni magumu zaidi kuyatambua kwa macho. Mtoto mwenye njaa anaweza kubaki mifupa na ngozi, mbavu zikihesabika. Mwingine anayeugua kwashakoo huvimba miguu na kuwa na tumbo kubwa, hata jirani akadhani ameshiba. Ndiyo maana wahudumu wa afya vijijini hawategemei tumbo. Wao huzungusha utepe wa rangi kwenye mkono, juu ya kiwiko. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5, kipimo kilicho chini ya milimita 115 ni rangi nyekundu, na mtoto huyo anahitaji matibabu bila kuchelewa.

Basi mafuta si uchafu wa kufagiliwa wote. Ni akiba, kama ghala la mkulima. Tena tangu homoni ya leptini ilipogunduliwa mwaka 1994, imebainika kwamba mafuta huzungumza na ubongo. Yakipungua mno, ubongo huamua kwamba kuna njaa, na huanza kuzima shughuli zinazoweza kungoja, uzazi ukiwa wa kwanza. Wasichana wanaokimbia mbio ndefu na kula kidogo hukosa hedhi, mifupa yao hudhoofika na kuvunjika kwa mazoezi tu. Wazazi wenye mabinti wanariadha wasidhani kukosa hedhi ni jambo la kawaida la wakimbiaji. Ni dalili kwamba chakula hakitoshi.

Wanaume nao hawajasazwa. Kati ya 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani, Ancel Keys aliwapunguzia chakula vijana 36 waliojitolea, wenye afya njema, kwa muda wa miezi sita. Walipoteza karibu robo ya uzani wao. Mapigo ya moyo yalipungua, walihisi baridi hata siku za joto, hamu ya mapenzi ikatoweka, na kutwa kucha walifikiria chakula tu. Kijana anayejinyima katika chumba chake cha kupanga huko Umoja au Kisauni ili misuli ionekane kufikia Desemba anajiingiza katika hali iyo hiyo kwa hiari, na pengine hulipia.

Ubaya zaidi ni njia za mkato. Kuna kemikali ya DNP ambayo miaka ya 1930 iliuzwa Marekani kama dawa ya kukonda, ikapigwa marufuku mwaka 1938 kwa kuwa humchemsha mtu kutoka ndani hadi kufa. Ingali inauzwa kichinichini duniani. Wengine hujikausha maji ili ngozi igande kwenye misuli. Mohammed Benaziza, mtunisha misuli mzaliwa wa Algeria, alifariki Oktoba 1992, saa chache baada ya kushinda shindano nchini Uholanzi, akiwa amekausha mwili wake. Jioni ile hapakuwa na tumbo zuri kuliko lake ukumbini.

Lipo tena jambo ambalo huwaponyoka wengi. Mtu ambaye hakubadilisha chakula wala hafanyi mazoezi, lakini kitambi kinayeyuka na marafiki wanampongeza, asikimbilie kushona suruali upya. Kifua kikuu, kisukari, virusi vya ukimwi na baadhi ya saratani huanza hivyo hivyo.

Je, upime nini badala ya kioo? Chukua kamba. Simama juu yake, uivute hadi utosini na uikate hapo. Huo ndio urefu wako. Sasa ikunje mara mbili, kisha uizungushe tumboni usawa wa kitovu, bila kuvuta pumzi ndani (wengi hudanganya hapa). Ncha zikikutana, kiuno chako hakizidi nusu ya urefu wako, na hilo ni jema, hata kama hakuna kipande kimoja cha msuli kinachoonekana. Zisipokutana, mafuta ya ndani yameanza kuwa mengi. Mwenye futi ya fundi cherehani akumbuke kwamba Shirika la Afya Duniani huhesabu hatari kuwa imeongezeka kiuno kikipita sentimita 94 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke.

Aliyepitisha kipimo aanze na soda, chai yenye sukari nyingi na vyakula vya kukaangwa kabla ya kununua vifaa vya mazoezi. Atembee kwa kasi angalau dakika 150 kwa wiki, na siku mbili afanye kazi ya kukaza misuli. Kubeba ndoo za maji kunahesabiwa. Apime presha na sukari ya damu katika kituo cha afya.

Na wewe ambaye kamba inazidi kulegea kila mwezi bila wewe kutaka, hasa ukiwa na kikohozi kisichoisha, homa za jioni au jasho la usiku, nenda ukapimwe makohozi wiki hii. Katika hospitali na zahanati za serikali dawa za kifua kikuu hutolewa bila malipo.