Hofu ya Aibu Humfanya Mtoto Asahau

Mtihani wa darasa la saba unapokaribia, watoto wengi wa Mbagala na Tandale huambiwa: "Ukifeli utatuaibisha." Maneno hayo hayaongezi akili.

Mtu anapohofia kuchekwa, mwili hutoa homoni za hofu, kama kotisoli. Moyo huenda mbio, viganja hutoka jasho. Ubongo hushikilia mambo machache tu kwa wakati mmoja. Wasiwasi ukijaa, hesabu hukosa nafasi. Ndiyo maana jibu alilolijua jana, leo mbele ya darasa hulisahau. Mwaka 1993 wataalamu wa Trier, Ujerumani, walieleza kwamba watu waliohutubia na kufanya hesabu za kichwa mbele ya wasikilizaji walipanda kotisoli.

Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza wanafunzi bora na shule bora. Nasi nyumbani tuache kulinganisha ndugu.

Tunashauri:
- Akikosea, tumsahihishe faraghani.
- Alale mapema, anywe uji kabla ya kutoka.
- Akishikwa na hofu, avute pumzi polepole.

Mtoto akisema heri afe, msimkemee. Mleteni hospitali siku hiyohiyo.