Bukavu: mwezi mmoja na riwaya za mapendo, na neno "vumilia" ambalo halikuniacha

Kitabu cha kwanza nilikinunua kwa franka 3000, kando ya barabara ya kuelekea soko la Nyawera, katika komine ya Ibanda. Hakikuwa na jalada. Kijana anayeviuza, ambaye hutandaza vitabu vyake juu ya plastiki karibu na wauza viatu, alikataa noti yangu ya kwanza kwa sababu kona yake ilikuwa imechanika. Wakaaji wa Bukavu wananielewa. Nikatoa nyingine. "Dada, hii njo batu banapenda," akaniambia. "Weye soma tu."

Nilikuwa nimejiwekea ahadi: kwa mwezi mzima, kila jioni baada ya kazi, nisome riwaya tu, za siku hizi na za mapendo. Sababu yenyewe si ya kujivunia. Kazi ya mwandishi wa habari huku Kivu ni kuhesabu: nyumba ngapi zimechomwa, jamaa ngapi zimekimbia, wangapi wamelala shuleni au kanisani. Nilikuwa nimefika mahali pa kuandika neno "wakimbizi" bila kuona uso wa mtu hata mmoja. Rafiki yangu, mwalimu wa Kifaransa, akanishauri nipumzishe kichwa kwa hadithi za watu wawili tu. Mwisho wa mwezi nilikuwa nimemaliza vitabu tisa. Kichwa hakikupumzika sana.

Vile vya Harlequin vilikwisha haraka, vinne kwa juma moja. Nyumba hiyo ya vitabu ilianza Winnipeg, huko Kanada, mwaka 1949, na nakala zake za Kifaransa hutufikia huku zikiwa zimepita mikono mingi. Ukisoma viwili, njia umekwisha kuijua: daktari au tajiri mwenye hasira, msichana mwenye kazi ndogo, ugomvi, mvua, busu, ndoa. Sivicheki. Nilivisoma kwa raha, na motari mmoja aliyenibeba hadi ofisini alinikiri kwamba naye anavyo vitatu chini ya godoro.

Kilichonishangaza ni kile kisichokuwemo. Mwanaume wa Harlequin hana baba mdogo. Msichana hana wajomba. Hakuna kikao cha jamaa, hakuna anayeuliza kabila, hakuna anayehesabu ng'ombe. Wapenzi wanazuiwa na kiburi chao tu, na kiburi kikiisha, hadithi imekwisha. Nikawafikiria vijana ninaowajua hapa mjini, waliopatana mioyo zamani lakini huu ni mwaka wa nne wanangoja mahari. Kwetu jambo hilo si desturi peke yake: Kanuni ya Jamaa ya mwaka 1987, katika kifungu cha 361, inamtaka mchumba na jamaa yake wapatane na wazazi wa msichana juu ya mahari. Kwa Bashi, ng'ombe bado ndiye lugha ya kikao, hata pale ambapo kinachowekwa mezani ni dola.

Kile kitabu kisicho na jalada ndicho kilinirudisha karibu na nyumbani. Kwenye ukurasa wa ndani palibaki jina la Adoras, mkusanyo wa riwaya za mapendo ulioanzishwa Abidjan mwaka 1998 na Nouvelles Éditions Ivoiriennes. Humo wapenzi ni Waafrika, wana kazi, wana madeni, na wana mama mkwe. Mwandishi wake sikumjua kwa sababu jina lilikwenda na jalada. Namshukuru hivyo hivyo.

Riwaya ya Valentin-Yves Mudimbe, Le Bel Immonde, sikuipata kwa muuzaji wangu. Niliiazima kwa yule mwalimu, ambaye alicheka aliponisikia nikiiita riwaya ya mapendo. Mudimbe alizaliwa Likasi mwaka 1941, akafariki mwaka 2025. Kitabu hicho alikitoa mwaka 1976. Waziri mmoja wa Kinshasa, mwenye mke na watoto, anamtamani msichana anayefanya kazi ya kuuza mwili katika baa. Watu wa msichana wako upande wa uasi, na wanamtaka amchunguze waziri wake. Kinasomeka kwa shida, nakiri, kwa maana sauti zinabadilika bila onyo na mara mbili nilirudi nyuma kutafuta ni nani anayesema. Lakini kati ya vitabu vyote tisa, ni hicho tu ambamo vita imeingia hadi chumbani, kitandani, katikati ya watu wawili. Hilo, mtu wa Kivu hahitaji kufafanuliwa. Je, yule msichana alimpenda waziri hata kidogo? Mimi nasema ndiyo, kidogo. Mwalimu anasema hapana.

Umeme ulikuwa ukikatika karibu kila jioni, basi nilikuwa nasomea barazani kwa taa ya simu. Kusomea nje kuna gharama yake. Mama wawili tunaokaa nao uwanja mmoja walianza kuuliza, kwanza kwa adabu, kisha bila adabu: "Dada, ule bwana alirudia ao hapana?" Nikawa msimulizi. Nilisoma kwa Kifaransa, nikafunga kitabu, nikawasimulia kwa Kiswahili chetu cha hapa.

Siku tatu tulikaa juu ya Une si longue lettre ya Mariama Bâ wa Senegal, iliyotoka mwaka 1979. Ramatoulaye amefiwa na mume, na akiwa ndani ya siku zake za kukaa eda anamwandikia rafiki yake Aïssatou. Marehemu, baada ya miaka mingi ya ndoa na watoto kumi na wawili, alikuwa amemuoa msichana aliyekuwa rafiki wa binti yao. Aïssatou, yeye, alipoletewa mke mwenza aliondoka na watoto wake, akasoma, akapata kazi ya kutafsiri katika ubalozi wa nchi yake huko Marekani. Ramatoulaye alibaki.

Nilidhani mama wale wangebishana juu ya kuondoka na kubaki. Walibishana, lakini kwa dakika tano tu. Kilichowakamata ni gari. Aïssatou aliposikia kwamba rafiki yake anahangaika kwenye basi na watoto, alimnunulia gari. "Rafiki kama ule nitamupata wapi?" mama mmoja akauliza, kisha akanyamaza muda mrefu kuliko swali lenyewe lilivyohitaji. Mume wake ana biro ya pili upande wa Kadutu. Uwanja mzima unajua, na hakuna anayelisema mbele yake.

Riwaya hiyo ina tafsiri ya Kiswahili, Barua Ndefu Kama Hii. Nimeitafuta Nyawera na Kadutu, sikuona hata nakala moja. Vitabu vyote tisa nilivyosoma vilikuwa kwa Kifaransa, na jambo hilo liliniuma zaidi kila nilipokaa barazani. Watu wa Zanzibar na wa Tanzania bara wana riwaya zao za Kiswahili, watu wanaachana na kurudiana humo kwa lugha yao. Sisi tunachumbiana kwa Kiswahili, tunatukanana kwa Kiswahili, tunaombana msamaha kwa Kiswahili, lakini anayetaka kusoma mambo hayo lazima awe amefika mbali na Kifaransa cha shule. Wale mama wawili walisimama darasa la sita.

Kitabu cha mwisho ndicho kilichonifanya niandike habari hii. Les Impatientes ya Djaïli Amadou Amal, wa kaskazini mwa Kameruni, ilishinda tuzo ya Goncourt des lycéens mwaka 2020. Wanawake watatu wanasema kwa zamu. Ramla ana miaka 17, anataka kuwa mfamasia, na ana kijana ampendaye, lakini anaozwa kwa tajiri mwenye miaka 50. Hindou, ndugu yake, anaozwa kwa binamu yao anayempiga. Safira ndiye mke wa kwanza wa yule tajiri. Wote watatu wanapewa neno moja la Kifulani: munyal. Baba zao wanalisema, wajomba wanalisema, wanawake waliowatangulia wanalisema. Maana yake ni uvumilivu.

Sikuhitaji kamusi. Kwetu neno hilo linaimbwa kwenye arusi, linahubiriwa, na linasemwa usiku mlangoni mwa wazazi kwa msichana aliyekuja na mzigo wake kichwani: vumilia. Sheria yetu, tangu marekebisho ya mwaka 2016, inasema hakuna ndoa kabla ya miaka 18, kwa msichana kama kwa mvulana. Lakini juu ya neno hilo, sheria inaweza kusema nini?

Katika sehemu ya Hindou niliweka kitabu chini. Miaka sita iliyopita, yaya yangu, mtoto wa mama yangu mkubwa, alikuja kwangu asubuhi na mapema, jicho limevimba, mtoto mgongoni. Juma hilo hilo nilikuwa nimeandika habari ndefu ya tarehe 8 Machi, yenye maneno mazuri juu ya haki za mwanamke. Nilimpa chai. Nilimpa pesa ya usafiri. Na nikamwambia avumilie, bwana atabadilika. Alirudi kwake. Miaka miwili baadaye alimwacha mwenyewe, bila kuniomba shauri, na tangu hapo tunasalimiana vizuri tu, kama watu wanaosali kanisa moja.

Jumapili ya mwisho ya mwezi nilikwenda kwake Kadutu na kitabu ndani ya mfuko. Alikuwa ameketi mlangoni akichambua sambaza za kuuza kesho. Nikamweleza kwamba nasoma riwaya siku hizi, akacheka. Nikaanza kumsomea Hindou, nikitafsiri sentensi kwa sentensi, vibaya, nikirudia. Alisikiliza bila kuinua macho. Hindou akapigwa. Hindou akatoroka. Hindou akarudishwa.

"Na mama yake?" yaya akauliza.

"Naye alimwambia avumilie."

"Juu ya nini?"

"Kwa sababu naye aliambiwa hivyo."

Akatupa kando samaki mmoja aliyeharibika. "Na weye, nani alikuambiaka?"

Sikuwa na jibu. Nilianza kusema kitu juu ya mama zetu, nikaacha katikati. Kilima cha ng'ambo kilikuwa kimeanza kuwa cheusi, na watoto wake wawili walikuwa wakigombania beseni nyuma ya nyumba. Akafuta mikono kwenye kikwembe, akanyosha kidole kuelekea kitabu.

"Soma," akasema. "Kungali mwangaza."