Motokaa ya Kawaida katika Njia ya Mashindano

Wasomaji wengi wamepata kuona picha za mashindano ya Marekani ambamo motokaa nyingi, zenye rangi za kila namna, huzunguka katika njia ya lami iliyoinuliwa upande mmoja kama ukingo wa bakuli. Wamarekani huyaita kwa jina lenye maana ya mashindano ya motokaa za dukani. Siku hizi jina hilo limebaki kuwa jina tu, kwa kuwa motokaa zile huundwa kwa mabomba ya chuma katika karakana maalum, wala hapana duka liwezalo kukuuzia mojawapo ukaenda nayo sokoni. Lakini hapo mwanzo zilikuwa motokaa za dukani kweli kweli. Kwa hiyo dereva aulizaye, "Je, gari langu lingefanya nini mle?" anauliza jambo ambalo limekwisha kujibiwa, na pengine kwa gharama kubwa.

Chama kiitwacho NASCAR kilianzishwa mwaka 1948, na tarehe 19 Juni, 1949, kilifanya mashindano yake ya kwanza ya motokaa zisizobadilishwa, katika mji wa Charlotte, jimbo la North Carolina. Njia ilikuwa ya udongo, na urefu wake robo tatu ya maili. Bwana Jim Roper alitoka Kansas, safari ipitayo maili elfu moja, akiendesha Lincoln ile ile aliyokusudia kushindana nayo. Bwana Lee Petty aliazima Buick ya rafiki yake, akaipindua mbele ya watazamaji. (Twaweza kuwaza alivyotafuta maneno alipokwenda kumwona mwenye gari.) Aliyetangulia kumaliza ni Glenn Dunnaway, lakini wakaguzi walipoinama chini ya Ford yake waliona springi za nyuma zimekazwa, kama walivyozoea kufanya watu waliochukua pombe ya magendo usiku. Dunnaway akanyimwa ushindi, akapewa Roper.

Msomaji wa Afrika ya Mashariki asione ajabu. Safari ya magari ya mwaka 1953, iliyofanywa kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, nayo ilikuwa ya magari ya kawaida, hata yakapangwa katika makundi kwa bei yake ya dukani wala si kwa ukubwa wa injini. Tofauti ni kwamba magari yetu yalipigana na matope, mawe na mito, na yale ya Marekani yalipigana na kona moja isiyokwisha.

Basi kwa nini springi zilimtoa mtu katika ushindi? Gari la kawaida limeundwa ili kumstarehesha abiria, na springi zake ni laini. Likipinda kwa haraka, mwili wake hulalia upande wa nje, na magurudumu ya upande huo hubeba karibu mzigo wote. Mashindano hayo mengi huzungukwa kwa kupinda kushoto daima, na kwa hiyo gurudumu la mbele la kulia ndilo punda wa kazi. Aliyekaza springi zake alipunguza kulala huko. Watengenezaji wa Hudson Hornet walipata faida hiyo kwa njia ya halali: waliiteremsha sakafu ya gari, uzito ukawa karibu na ardhi. Hudson ilikuwa na injini ya silinda sita tu, wakati wengine walikuwa na nane, lakini mwaka 1952 ilishinda mara 27 katika mashindano 34.

Sasa tutazame njia yenyewe. Katika mji wa Daytona Beach, jimbo la Florida, watu walishindana hata mwaka 1958 katika mzunguko ambao nusu yake ilikuwa barabara na nusu mchanga wa pwani. Mwaka 1959 Bwana Bill France, mwanzilishi wa chama kile, alifungua uwanja mpya wenye mzunguko wa maili mbili na nusu. Udongo wa kuinulia kona ulichimbwa katikati ya uwanja, na shimo lililobaki likawa ziwa, liitwalo Lake Lloyd. Kona hizo zimeinama digrii 31. Paa la bati la nyumba nyingi zetu halifiki mwinamo huo, na mtu asimamaye chini yake huona kama barabara imesimama ukutani.

Inawezekanaje gari lipite hapo lisianguke? Kila mtoto aliyepata kuzungusha kopo la maji kwa kamba anajua jibu, ijapokuwa hajui kwamba analijua. Akizungusha polepole, kopo huning'inia chini. Akiongeza mwendo, kopo hupanda na kulala upande, lakini maji hayamwagiki, kwa sababu yanasukumwa kwenye kitako cha kopo. Mwinamo wa njia ni kitako hicho. Gari lipindalo katika barabara tambarare halina kitu cha kulizuia lisiende nje ila mshiko wa mipira juu ya lami. Lakini lami ikiinama, yenyewe husaidia kulisukuma gari kuelekea ndani.

Katika kona za Daytona, toka kitovu cha duara mpaka njia ni futi 1,000 hivi. Ukipiga hesabu, utaona kwamba gari liendalo maili 95 kwa saa, yaani kilomita 153 hivi, halivutwi juu wala chini. Lakini dereva na gari lake huwa wazito kwa karibu sehemu moja ya sita. Mtu mwenye kilo 70 hukandamizwa kitini kana kwamba ana kilo 82, na springi laini za gari lake hushuka kana kwamba amepakia abiria na magunia.

Jambo la kushangaza ni lile limpatalo mwoga. Aendaye maili 40 kwa saa hudhani amechagua usalama, kumbe gari lake linataka kuteleza chini kuelekea ndani, naye hulazimika kuelekeza usukani kidogo kulia, kana kwamba anapanda mlima, ijapokuwa njia yapinda kushoto. Lami ikiwa kavu mipira hushika. Ikiwa imelowa, gari laweza kuporomoka mpaka kwenye majani, hata kama limesimama kimya.

Naye shujaa azidishaye mwendo hupata taabu ya namna nyingine. Kwa maili 120 kwa saa katika kona ya tambarare yenye ukubwa ule ule, mipira ingedaiwa mshiko ulio karibu sawa na uzito mzima wa gari, na mipira ya gari la kawaida haina nguvu hiyo. Katika mwinamo wa Daytona hudaiwa theluthi moja tu ya uzito huo. Dereva hujiona hodari, lakini sifa ni ya mwinamo. Wakati huo huo gari limekuwa zito kwa theluthi moja zaidi, na uzito huo wote umekaa juu ya mipira minne. Mpira unapozunguka hukunjwa pale ugusapo chini na kunyooka tena, mara nyingi katika kila sekunde, na huko kukunjwa ndiko kuletako joto. Mpira wenye upepo haba hukunjwa zaidi, hupata moto zaidi, na mwisho tabaka zake huachana. Wenye magari ya abiria ya njia ya Mombasa wanajua habari hii bila ya kwenda Florida.

Somo hilo lilionekana wazi tarehe 4 Septemba, 1950, katika uwanja mpya wa Darlington, South Carolina. Uwanja huo una umbo la yai, kwa kuwa aliyeuza shamba hakukubali bwawa lake la samaki liguswe, ikabidi upande mmoja ubanwe. Motokaa 75 zilianza mashindano ya maili 500. Zile zenye nguvu zilikimbia mbele, na mipira yao ikapasuka moja baada ya mwingine. Yasimuliwa kwamba mafundi wengine walikwenda kuitafuta mipira katika magari ya watazamaji. Johnny Mantz alikuwa na Plymouth ndogo, mojawapo ya zilizokuwa polepole kabisa, lakini alifunga mipira migumu kuliko ya wenzake. Alizunguka kwa mwendo wa wastani wa maili 75 kwa saa, akaendelea tu, na baada ya saa zaidi ya sita akashinda kwa mizunguko kadhaa. Kwa maoni yangu hapana ushindi wa motokaa ya kawaida uliopata kuzidi huo.

Viwanja vifupi vina adabu nyingine. Martinsville, huko Virginia, mzunguko wake ni zaidi ya nusu maili kidogo tu, na kona zake zimeinama digrii 12. Hapo breki hukanyagwa kila kona, wala hazipati nafasi ya kupoa. Breki za gari la kawaida zikifanyiwa hivyo, mafuta yake huchemka na pedali huzama mpaka sakafuni, kama yawapatavyo wenye malori wateremkao Bonde la Ufa kwa gia kubwa.

Siku hizi baadhi ya viwanja vya Marekani, kama ule wa Charlotte, vimepata kuwakaribisha wenye magari ya kawaida wazunguke mara chache nyuma ya gari la kuongoza, na fedha hutolewa kusaidia watoto. Mwendo huwa kama wa barabara kuu. Yampasa mgeni atoe kwanza kila kitu kilicholegea ndani, tangu chupa hata jeki, apime upepo wa mipira ingali baridi, na akaze nati za magurudumu. Akiingia katika kona, asitazame boneti bali mbali mbele, kushoto na juu, karibu na ukingo wa paa, kwa maana ndiko njia iliko. Tena asizungushe usukani kwa ghafula wala asiachie mafuta kwa mshtuko katikati ya mwinamo, kwa sababu uzito utahamia mbele na nyuma itakosa mshiko.

Lee Petty, yule wa Buick ya kuazima, alirudi mwaka 1959 katika mashindano ya kwanza ya uwanja wa Daytona. Alifika kwenye mstari pamoja na Johnny Beauchamp, wakiwa wamekaribiana hata Beauchamp ndiye aliyetangazwa kwanza. Picha zilichunguzwa siku tatu, ndipo Petty akapewa ushindi, kwa mwendo wa wastani wa maili 135 kwa saa. Safari hii gari lilikuwa Oldsmobile, nalo lilimaliza likiwa limesimama juu ya magurudumu yake yote manne.